Rangi Hii Unayo Tayari

Mabinti zangu, mimi ni yule mama wa cherehani aliyekaa miaka mingi kwenye pembe ya soko la Suuq Mugdi hapa Garissa, pale upepo usipofika hata kwa kuombwa. Mama zenu wananijua. Baadhi yenu niliwapima kiuno mkiwa bado hamna kiuno. Niliacha kazi macho yaliponikataa, siku nilipotunga uzi kwenye sindano nikafurahi, kisha nikakuta nimeutunga hewani. Sasa nakaa nyumbani, na kwa kuwa sina tena nguo za kushona, nimeamua kuwashauri ninyi msishone.

Najua mnacheka. Fundi aliyekula jasho la mishono yenu anakuja uzeeni kuwaambia nguo mlizo nazo zinatosha. Lakini nani mwingine atawaambia? Mwenye duka la vitambaa?

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali mnakisema, tena kwa kelele, ila kukisoma mnakwepa. Mimi Kiswahili changu nilikipata cherehanini, kwa Fundi Omari, Mungu amrehemu. Alikuwa mzee wa Lamu aliyekuja Garissa kumtembelea nduguye kwa siku chache, akakaa mpaka akazikwa hapa. Alinifundisha kushona, kusema Kiswahili na kunyamaza. Hilo la mwisho sikuhitimu.

Fundi Omari alikuwa na desturi moja. Kila alipomaliza nguo, alichukua kipande cha kitambaa kilichobaki, kidogo tu, akakitunga kwenye uzi wa mteja yule. Kila mteja alikuwa na uzi wake ukutani, na kila uzi ulikuwa na vipande vyake, cha zamani juu na kipya chini. Msidhani ilikuwa hekima kubwa. Alitaka tu, mteja akirudi na nguo iliyochanwa na mwiba, apate kiraka cha rangi ileile. Mimi ndiye niliyeanza kuzisoma zile nyuzi.

Ilianza na mama mmoja aliyeleta kitambaa cha damu ya mzee. Akaniapia kwamba rangi ile hana kabisa, ameitafuta mwaka mzima. Nikautazama uzi wake. Damu ya mzee ilikuwapo juu, ilikuwapo katikati, na ilikuwapo chini. Nikamwonyesha. Akaitazama kwa makini, akasema zile si damu ya mzee, ni zambarau iliyochoka. Tukazitoa nje juani, na wote waliokuwa wakipita wakakubaliana kwamba ni damu ya mzee yuleyule. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyanyuka, akaniambia nishone hivyohivyo.

Basi toka hapo, mteja akiingia na kitambaa, kabla sijagusa mkasi nilikisogeza kwenye uzi wake na kusema, "Rangi hii unayo tayari." Wengine walishukuru. Wengi walinuna. Wenye maduka ya vitambaa, majirani zangu, ndio walioumia zaidi. Mmoja alimwendea Fundi Omari kumlalamikia kwamba mwanafunzi wake anaharibu soko. Fundi Omari akamjibu kwamba mimi ni mgonjwa, nastahili kuombewa dua. Jioni akanipa chai na kuniambia niendelee, ila nisiseme kwa sauti ya kufika dukani kwa watu.

Mtaniuliza kama sikukosa kazi. Nilikosa, tena nyingi. Lakini mtu uliyemzuia kushona nguo mpya hurudi na ya zamani umpanulie, umbadilishie lesi, umwondolee mikono iliyopitwa na wakati. Kazi hiyo ni ngumu na majirani hawaionei wivu, ndiyo maana ilinilisha.

Sasa sikilizeni mambo machache kabla sijaingia kwenye kisa chenyewe, maana nikishaanza kisa sitarudi.

Kitambaa usikinunue ndani ya duka. Suuq Mugdi maana yake ni soko la giza, na halikuitwa hivyo kwa utani. Ndani kule kila kitu kinang'aa kwa sababu taa imewekwa ing'ae. Kichukue, toka nacho hadi jua lilipo. Muuzaji akikataa usitoke nacho, amekwisha kukujibu.

Nguo yoyote, igeuze ndani nje kwanza. Fundi Omari aliacha kitambaa kipana kwenye mshono wa ubavuni. Alikiita nafasi ya mume kupata kazi, kwa sababu mume akipata kazi mke hunenepa. Nguo yenye nafasi hiyo inaishi na mwenyewe. Hizi zenu za dukani hazina nafasi hata ya kushiba.

Usiende sokoni ukiwa umegombana na mtu. Ugomvi una macho yake, na huona kila kitu ni kizuri.

Na hili la udi. Nyumba zetu zote tunafukiza nguo. Usingoje siku ya sherehe. Mara moja moja, Alhamisi jioni, washa chetezo na utoe nguo zako zote, nasema zote, uzipitishe kwenye moshi moja baada ya nyingine. Utachoka. Ile utakayoirudisha sandukuni bila kuifukiza ukisema "hii nitaifukiza siku nyingine," hiyo huipendi, mpe anayeipenda. Na ukiwa na nguo nyingi hata udi unaisha na moshi unakutoa machozi, basi hakuna haja ya mwalimu mwingine. Wanasema akiba haiozi. Aliyesema hivyo hakuwahi kuweka lastiki ya sketi ya ndani kwenye sanduku la bati, katika joto la Garissa.

Ninyi mna simu. Mna picha za nyuso zenu zisizo na idadi, na hata moja ya kabati hamna. Kuna dada yuko Islii anajipiga video akizungusha gauni, ninyi mmelala chali mnabonyeza tu, na asubuhi kifurushi kinateremka na basi. Pigeni picha nguo zenu kama mimi nilivyotunga vipande. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ila ngoja niwaambie jinsi ule uzi wangu ulivyonitia mashakani, msije mkadhani uzi unajua kila kitu.

Nilikuwa na mteja jina lake Hubi. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia, yale yanayoletwa alfajiri kutoka upande wa Balambala. Mwanamke mwema, mwenye mkono wazi na kichwa kilicho wazi kuliko mkono. Hubi alinunua nguo kama wengine wanavyolia. Maziwa yakiharibika, ananunua. Akikosana na mama yake, ananunua. Mtoto wake alipofeli mtihani alikuja na vitambaa viwili, na mtoto mwenyewe alikuwa amefeli somo moja tu. Ukitaka kujua Hubi amepitia mwaka gani ulikuwa huna haja ya kumuuliza, unausoma uzi wake. Na akishavaa nguo mara mbili, huiacha popote alipoivulia, akasahau kwamba iliwahi kuwa yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Hubi hapakuwa na fumbo lolote.

Hubi aliishi boma moja na Rukia, mke wa kaka yake. Rukia alitoka mbali, Banissa, aliolewa akaletwa huku asimjue mtu. Wawili hawa waliishi kama walionyonya pamoja. Jiko lao moja, watoto wao hawakujua nani ni mama yupi ikifika saa ya kula. Wifi hupendwa kwa tahadhari, mnajua wenyewe, lakini wale hawakuwa na tahadhari.

Kisha kaka akataka mke wa pili. Sheria inamruhusu, na mfuko wake wakati ule ulimruhusu pia. Rukia hakupiga kelele. Alimwita Hubi jikoni akamwambia maneno ambayo Hubi alikuja kunirudia neno kwa neno. Alimwambia, "Najua utakwenda harusini, ni ndugu yako, usipokwenda utavunja udugu. Lakini nitauliza umevaa nini. Nikisikia umekwenda na nguo mpya, umejipamba kama siku ya furaha, nitajua katika nyumba hii sina mtu. Nitafunga mizigo na watoto wangu, turudi Banissa."

Sasa niambieni, mtu mwenye akili angefanya nini baada ya kuambiwa hivyo? Hubi alitoka jikoni akaenda moja kwa moja kununua nguo mpya.

Aliingia kwangu na kitambaa cha dirac cha rangi ya dhahabu. Dirac ni lile gauni letu jepesi la harusi, linaloonyesha sketi ya ndani na lesi yake, na hicho kitambaa kilikuwa na shanga za kumwamsha kipofu. Nikamuuliza kama amerogwa. Akasema hajui, miguu ndiyo iliyompeleka. Akasema tena kwamba akienda na nguo chakavu, kaka yake atasema amemwaibisha mbele ya wakwe wapya, na akienda na nguo mpya atampoteza Rukia. Akakaa kwenye kiti changu cha wateja akaanza kulia, na nilimhurumia kweli, maana pale hapakuwa na njia ya tatu.

Ila mimi nilikuwa na uzi. Nikauteremsha kutoka ukutani, nikavipitia vipande vyake kimoja kimoja. Juu huko, karibu na fundo, nikakuta kijani. Kijani kizuri, kama ganda la tikiti la mashamba ya mtoni. Nikamwambia, "Hii unayo tayari. Ni ya heshima, na si mpya. Kaka yako hatakuwa na la kusema, na Rukia hatakuwa na la kusema." Nikajiona hakimu.

Hubi hata hakukumbuka kuwa na dirac ya kijani. Alikwenda nyumbani, akachimba masanduku, akairudisha ikiwa imekunjamana. Niliujua mshono wangu. Nikaipanua ubavuni, ile nafasi ya Fundi Omari ikafanya kazi yake, nikabadilisha lastiki ya sketi iliyokuwa imekauka kama kuni. Kile kitambaa cha dhahabu nilimlazimisha akirudishe, na muuzaji alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo sijayasahau. Hubi akaenda harusini na kijani chake, amefukizwa vizuri, moyo umetulia.

Mabinti, fundi hakumbuki harusi, hukumbuka viuno. Wanaokumbuka harusi ni wanawake waalikwa. Mwanamke wa Garissa anaweza kusahau chungu motoni, lakini rangi ya sare ya harusi haisahau mpaka anaingia kaburini. Ninyi mnajua jinsi ndugu na marafiki wa harusi wanavyovaa rangi moja, na nguo ile ikabaki na jina la harusi hiyo maisha yake yote. Kijani kile, cha ganda la tikiti, kilikuwa sare ya harusi ya Rukia.

Alikichagua Rukia mwenyewe alipoletwa kutoka Banissa. Upande wa mume wote walikivaa. Mimi ndiye niliyewashonea, karibu wote, na wala haikunijia. Na sasa dada wa bwana harusi ameingia kwenye harusi ya mke wa pili, mbele ya watu wote, amevaa harusi ya mke wa kwanza.

Hubi aliniambia kwamba alipoingia ngoma haikunyamaza, ila wanawake walinyamaza. Alidhani amependeza. Akazunguka akisalimia, akitabasamu, mpaka shangazi wa bibi harusi akamsogelea na kumuuliza kwa upole kama ametumwa au amekuja na ujasiri wake mwenyewe. Hapo ndipo alipoitazama nguo yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Shangazi akachukua mkoba wake akaondoka, na nusu ya wageni wa upande ule wakaondoka naye. Kupiga picha kulikuwa kumekatazwa, kwa hiyo picha zilimfikia Rukia kabla pilau haijapakuliwa.

Kaka yake alimwambia neno moja tu, kwamba asimwite ndugu mpaka atakapomwambia. Hubi hakurudi nyumbani. Alikwenda kulala kwa mama yake, na asubuhi nilipofungua kibanda nilimkuta mlangoni, bado na dirac ya kijani, mtandio wake wa garbasaar ameuvuta mpaka puani. Hakuwa akimlilia kaka yake. Alikuwa akisema, "Rukia atadhani nimemkejeli. Atadhani nimekwenda kuchezea harusi yake kwenye harusi ya mke mwenzie. Akienda Banissa leo nitamfuata na nini, nitamwambia nini, kwamba nilisahau?"

Nikamwambia ndiyo, amwambie hivyo, amesahau. Akanitazama. Nadhani wakati ule sote wawili tuliona kwamba kuwa adui ni afadhali kuliko kusahau. Adui angalau alikufikiria.

Tukiwa hapo Rukia akaingia. Alikuwa amevaa nguo za safari, na mkononi ana begi kubwa limejaa mpaka zipu inalalamika. Mabasi ya kaskazini huondoka asubuhi, kila mtu anajua. Hubi akauvuta mtandio mpaka machoni. Mimi nilijifanya natafuta mkasi, ambao ulikuwa mkononi mwangu.

Rukia hakumtazama wifi yake. Alinigeukia mimi, akaweka begi chini, akaniita shangazi kwa Kisomali. "Eddo, wewe ndiye uliyeshona. Niambie kweli. Alijua?"

Hapa ndipo niliposikitika kwamba sikuhitimu somo la kunyamaza. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena uongo mzuri, wenye lesi: kwamba Hubi alikuja makusudi, kwamba alisema atakwenda na Rukia mwilini mwake. Ungewapatanisha palepale. Nilimtazama Hubi, naye alinitikisia kichwa kidogo, ishara kwamba nisiseme. Sikujua kama alinizuia kusema kweli au kusema uongo. Nikasema kweli. Nikamwambia, "Walaahi hakujua. Wala mimi sikujua. Tulitafuta nguo kuukuu tu."

Rukia akakaa kwenye kile kiti. Akaifuata kwa macho ile rangi ya kijani kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo nililolipiga mimi.

"Nilijua," akasema. "Huyu hakumbuki hata alipoweka viatu vyake. Lakini tazama, eddo. Mume wangu anaikumbuka harusi yetu vizuri sana, na bado akaoa. Wifi yangu ameisahau kabisa, na bado akaivaa. Mimi nikae upande wa nani?"

Hubi alilia kwa sauti, bila haya, na mimi nililia pia, nawaambieni kweli, nikilowesha kitambaa cha mteja mwingine. Rukia peke yake ndiye aliyebaki mkavu. Watoto walikuwa nje, wamewekwa kivulini kwa muuza chai wakisubiri basi, nao walikuwa wameshamwaga chai ya watu wawili. Rukia akaenda mlangoni, akawaita, akawaambia warudi nyumbani wakamwage ya kwao.

Hubi akafuta uso, akaona aibu, akataka kufanya lolote la msaada. Akainama akalishika lile begi ili alibebe yeye. Likamshinda. Akajaribu tena kwa mikono miwili, akauliza ni nguo gani hizi za kwenda Banissa, kwani Rukia ameshona lini nguo nyingi hivi.

"Hizo si zangu," Rukia akamwambia. "Zangu ni mbili, ziko juu. Zilizobaki ni zako, zote ulizoziacha chumbani kwangu ukasahau. Nilitaka niondoke na kitu chako."